Raba Sita

Amelala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa,
kipande cha plastiki kati ya meno,
na mimi nimemshika kichwa
kama mtu aliyebebeshwa tikiti la wenyewe.

Masatu. Wakala wa fedha, Tandika, kibanda cha manjano.
Wiki iliyopita, saa nane usiku, alijaza nusu ndoo
kwa damu iliyopanda bila kumwuliza.
Majirani walikuwa na jibu kabla bajaji haijafika:
pombe hiyo, anakunywa kwa siri.
Jibu la mama mkwe lilikuwa na jina la mtu,
wa nyumba ya tatu, mwenye geti la bluu.
Yeye, ambaye hata togwa huitilia shaka,
hakuwa na jibu. Alikuwa na ndoo.

Dokta Kokugonza hasemi sana akiwa kazini.
"Meza. Meza tena. Hivyo hivyo, kaka."
Mrija unateremka, na kwenye skrini
umio wa mtu: rangi ya ufizi, umelowa,
unafumba na kufumbua.
Kwa taa hii nyeupe ukuta wote unafanana.
Mishipa imelala chini ya utando wake
kama watoto waliojifunika shuka moja
wakijidai wamesinzia.

Kisha anabonyeza kitufe kwa kidole gumba.

Buluu na kijani, basi.
Rangi nyingine zote zimetolewa nje ya chumba,
na kila penye damu panajitaja.
Mishipa minne, minene, imepindapinda,
inapanda kutoka mlango wa tumbo,
na juu ya mmoja, michirizi,
kama mgongo wa mtoto aliyechapwa shuleni
akauficha kwa shati siku tatu.
"Huu ndio uliovuja," anasema.
Anasogea kidogo. "Na huu unajiandaa."

Asubuhi, nikijaza fomu, nilikuwa nimemwuliza:
Umekulia wapi?
Ukara.
Mlikuwa mnaoga wapi?
Akacheka. "Ziwani, sista. Kwani kuna kwingine?"

Miaka saba, tisa, kumi na mmoja,
ziwa lilikuwa likimwingia kwa ngozi
pamoja na abiria wadogo waliotoka kwa konokono.
Walisafiri hadi kwenye njia za ini, wakaoana,
wakataga, na mayai yakaacha makovu.
Damu ikikuta njia imezibwa
hufanya kama maji ya Jangwani wakati wa masika:
hairudi ilikotoka,
inaingia nyumba za watu.

Sasa Dokta anauvuta mshipa ndani ya kikombe
kilicho kwenye ncha ya mrija, anazungusha gurudumu,
na raba inaruka, inakaba shingo.
Kinachobaki ni tunda la zambarau.
Kuhesabu ni kazi yangu, kwa sauti. Moja.
Mbili, chini kabisa, karibu na mlango.
Tatu inateleza, tunarudia, tatu.
Baada ya nne anakohoa, machozi yanapita juu ya pua
na kuingia kwenye glovu yangu.
Namwambia bado kidogo. Si kweli sana.
Tano. Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye beseni.
Sita.

Anaporudiwa na ulimi, mzito kama wa mtu mwingine,
neno lake la kwanza ni "Ngapi?"
"Sita."
Anafikiri, macho kwenye dari.
"Milioni nzima," anasema, "mimi naifunga kwa moja."

Nje, kwenye benchi, Nyamizi amekaa na chupa ya uji.
Dokta anamweleza: upoe kwanza, ndipo anywe;
ugali usubiri; raba zitadondoka zenyewe;
wiki tatu, mrudi, tutazame tena kwa mwanga ule.
Anampa picha iliyochapwa, buluu na kijani,
kidole kwenye michirizi, na anataja ziwa.

Nyamizi anaitazama muda mrefu,
anaigeuza, upande wa nyuma ni mweupe,
anaigeuza tena.
"Nichapishie mbili," anasema.
"Moja ya mama."