Saa za Kisima

Mwezi wa pili najifunza Julia,
darini kwetu Shela, kompyuta pajani,
umeme nimeuazima kwa Bi Mwanatumu.

Jana ilinikemea kwa maandishi mekundu:
umejumlisha neno na namba.
Nikacheka. Kumbe nayo ina ngeli zake,
na leo mgeni ni mimi,
nisemaye *kisima yangu* mbele ya watu.

Nikailisha daftari la Shee Lali:
chumvi ya visima vitatu, siku tisini,
kwa kalamu ya wino unaovuja.
Mchoro ukatoka. Chumvi yapanda
saa nane za usiku.
Nani achotaye saa hiyo? Punda?
Nilikaribia kuamini majini.

Shee Lali aliandika *saa mbili*,
asubuhi, ndoo zikigombania kamba.
Mashine ikasoma mbili ya kwao.

saa = saa + 6

Mstari huo tu, ulionilia siku nne.
Pembeni nikaacha neno kwa atakayeusoma:
hapa twahesabu tangu jua litoke.

Nikamwambia Shee Lali mchoro sasa umekaa sawa.
"Kwani ulikuwa na nini?"