Nyumba ya Upana wa Toroli

Kichochoro kina sentimita tisini na moja.
Nimekipima kwa futi, nikarudia kwa bega langu:
matofali mekundu kushoto, matofali mekundu kulia,
masizi ya viwanda vilivyokufa bado yanachafua koti.
Halafu, ghafla, bustani,
imefichwa nyuma ya migongo ya nyumba ishirini
kama noti kwenye fundo la kanga.
Sheffield inapanda na kushuka vilima vyake
na haina habari.

Bi Doreen Ollerenshaw, miaka sabini na minane,
amesimama na slipa kwenye umande.
"Nyumba kubwa nimewaachia wajukuu.
Mimi nijengee hapa. Ndogo. Isile gesi.
Na mpeasi wa Harold usiguswe."

Basi mchoro ukaanza na mti.
Mizizi iliamuru: zege, hapana.
Parafujo ndefu za chuma zizungushwe ardhini, taratibu,
nyumba isimame juu yake kwa ncha za vidole.
Kichochoro nacho kikaamuru:
boriti, kioo, bafu, jiko,
kisichopita kwenye upana wa toroli
si cha nyumba hii.
Nikawa nachora kwa vipande,
kila kipande mzigo wa watu wawili
na kituo cha chai katikati.

Kuta ni mabua na chokaa.
Mama akapiga simu kutoka Pangani.
"Mabua ya mtama?"
"Ya bangi, mama. Mabua tu."
Kimya. Nikasikia feni yake ikizunguka.
"Na paa?"
"Majani."
"Baba yako aliuza baiskeli tutoke kwenye makuti tuingie kwenye bati.
Wewe umesoma miaka saba
uwarudishe Wazungu kwenye majani?"
Nilicheka mpaka penseli ikadondoka.
Sikumwambia kwamba chokaa ile,
nilipoikoroga kwenye ndoo kuijaribu,
ilinuka kama ukuta wa chumba chake baada ya masika,
wala kwamba nimemchongea Bi Doreen vidaka viwili,
kimoja cha redio, kimoja cha vidonge.

Jirani, Bwana Threlfall, aliandika barua ya kupinga:
kurasa nne, neno "jua" mara kumi na moja.
Desemba nikapiga hodi jikoni kwake.
Tukakaa, wawili tusiopendana, tukilisubiri.
Saa saba na dakika ishirini liliingia.
Likagusa birika,
likagusa picha ya kijana mwenye sare ya ubaharia,
saa nane kasorobo likaondoka.
Ndilo hilo jua lake lote la siku.
Nikarudi mezani nikalishusha paa sentimita sitini,
likainama kama mtu anayepita mbele ya wakubwa.
Hakunishukuru. Barua aliiondoa.

Leo nimemtandazia Bi Doreen michoro yote:
madirisha ya kusini yenye vioo vitatu vitatu,
tangi la mvua chini ya ngazi,
pampu ya joto isiyozidi mngurumo wa paka aliyeshiba.
Akavaa miwani. Akasafiri kwa kidole
kutoka kitandani hadi mlangoni,
mlangoni hadi kwenye mpeasi,
kwenye mpeasi hadi kichochoroni,
akasimama penye kona.

"Na jeneza," akauliza, "litapita?"

Sikuwa nimelichora.
Tulitoka na futi, manyunyu yakianza,
yeye kashika ncha, mimi narudi kinyumenyume.
Upana, sawa. Urefu, sawa mpaka konani.
Pale wabebaji watalazimika
kuinua upande wa kichwa, juu, juu zaidi.
Nilimwambia kama ninavyowaambia mafundi, bila kupamba.

Akaitazama kona ile kwa muda.
"Basi nitatoka nimesimama," akasema,
akaiachia ncha ya futi,
ikanirudia mkononi kwa mlio.