Jozi ya Nne

Kwenye kioo changu, ghorofa ya pili, Milimani,
Kisumu hadi Bumala ni mstari mmoja mwembamba.
Bonyeza, nao unafunguka: nyuzi kumi na mbili
zimelala kama watoto wa wageni kwenye mkeka mmoja,
bluu ukutani, samawati mlangoni.
Hakuna unaolala peke yake.
Mmoja hupeleka, mwenziwe hurudisha.
Ukijaribu kuandikisha uzi usio na mwenza
programu hukataa, huandika kwa wekundu:
JOZI HAIJATIMIA.
Haijui methali yoyote, ila hii ya kidole na chawa
imeimeza nzima.

Mafundi wa njiani wana majina yao.
Kisian hadi Maseno, wa saba ni Opiyo, wa nane Odongo.
Vuka ikweta, ingia Luanda:
Opiyo anaitwa Mukhwana, Odongo anaitwa Mulongo,
na mwanga hauulizi, unapita.

Jumanne Shiundu alinipigia akiwa shimoni Luanda,
nyuma yake posho mill na kuku wa mnada.
"Akeyo, huku kuna kichekesho.
Mwekundu umeungwa na mweusi, mweusi na mwekundu.
Nani alikuwa amelewa?"
Nikatazama ramani. Ramani ilisema sawa kwa sawa,
ramani yangu, niliyoipiga pasi miaka mitatu.
Nikasema: "Nyoosha."
Hata kikombe sikuwa nimekiweka chini.

Akakata, akafuta kwa spiriti, akaunga;
mashine ikatoa cheche ndogo kama punje ya wimbi.
Na Bumala ikanyamaza.
Zahanati mbili, sacco ya wakulima wa miwa, ofisi ya chifu.
Mwanga ulikuwa unafika, nguvu zake kamili,
ila mdomo ulikuwa unaongea na mdomo,
na sikio limebandikwa kwenye sikio.

Saa tano nilifungua kabati la Ogutu, aliyestaafu Desemba.
Daftari la hesabu la mtoto wa shule, maandishi ya penseli:
*Maseno, 7 kwa 8. Kosa langu. Mvua, usiku.*
*Luanda, 8 kwa 7. Nimerudisha. Msiguse.*

Miaka kumi na moja, basi,
watu wa Bumala wametuma karo na majibu ya damu
juu ya makosa mawili yaliyoshikana mikono.
Mimi nikaliona moja, nikaliponya.

Kiungo cha Maseno kiko chini ya lami mpya.
Shiundu alirudi Luanda saa nane, mvua imeshatoka ziwani,
mwavuli juu ya mashine, yeye nje ya mwavuli.
"Pindua tena," nikamwambia.
"Nirudishe kosa?"
"Lirudishe."
Alitaka kusema neno. Nilimsikia akiliacha.
Saa nane na dakika arobaini, Bumala ikaitika.

Ikabaki ramani.
Jioni nilijaribu kuchora kilichoko ardhini:
saba kwa nane, halafu nane kwa saba.
Programu ikanyoosha yenyewe, kwa adabu,
kama karani anayekusahihishia jina lako.
Nikapindua. Ikanyoosha.
Mara ya nne nikazima msaada wake,
nikavuta mistari kwa mkono, mmoja juu ya mwingine,
msalaba mdogo Maseno, msalaba mdogo Luanda,
vibaya kabisa kuvitazama.

Kwenye kisanduku cha maelezo, ambacho hatukisomi,
niliandika: *Msiguse.*
Nikamkumbuka Ogutu, penseli yake, kabati lake lenye kufuli.
Nikafuta. Nikaandika:
*Ukigusa hapa, gusa na kule, siku hiyo hiyo,*
nikaongeza jina langu na namba ya simu,
ile ya nyumbani, inayoshika hata usiku.