Kamba ya Nguo, Langoni

Mama kazianika jezi zangu saba,
kamba imelegea hadi kiunoni.
Kigali waliniandika FAMAO.
Dodoma, FUMAU.
Maputo hawakuandika kitu:
nilikuwa wa miezi mitatu, namba ya kuazima,
jasho la mwenzangu bado kwapani.

Sikuwa nyota. Nilikuwa yule anayepigiwa simu
goti la mwingine likiteguka.
Dakika sita, kikapu kimoja, benchi.
Mkataba haukufika mfungo wa pili.

"Ipi yako hasa?" Mama auliza,
vibanio mdomoni.

Si hata moja.
Ile ya timu ya hapa mtaani,
aliyoidarizi mwenyewe, Famau,
herufi zote mahali pake,
ndiyo dekio la pale mlangoni
nililofutia miguu nikiingia.