Anayesema Basi

Waliomleta walisema kalewa.
Nilimnusa: kitunguu swaumu na mafuta ya taa,
harufu ya pampu ya mgongoni,
shati limemgandama tangu alfajiri
kwenye mizabibu ya Mpunguzi.

Ndahani Chilongani, miaka thelathini na minne.
Mboni zimesinyaa, punje mbili za uwele.
Mate, machozi, kamasi, jasho mpaka nyayoni.
Mwaka huu visima vimekauka,
na mtu huyu mmoja alikuwa amefurika.

Daktari hakunisubiri. Alichoma atropini,
akachoma tena, akisikiliza kifua.
Mimi nilipewa kichupa cha damu
nikaenda nacho chumba cha nyuma,
kwenye mashine na feni inayolia.

Ninachokipima hakionekani.
Ni kimeng'enya, kolinesterasi, jina refu
kwa mwenye kazi ya neno moja.
Neva inapouambia msuli "kaza,"
ujumbe huvuka upenyo mwembamba kuliko unywele,
msuli hukaza,
naye, aliyekaa ukingoni, husema: basi.
Anaukata ujumbe vipande viwili.
Basi. Maelfu ya mara kwa sekunde, bila kuchoka.
Ndiyo maana kidole hufunga kifungo kisha kikaachia,
ndiyo maana Nyemo, binti wa Ndahani,
huruka kamba, akatua.

Tunausifu moyo kwa kupiga.
Nani amewahi kumshukuru anayenyamazisha
ili wito unaofuata usikike?

Dawa ya wadudu humziba kinywa.
Kaza, kaza, kaza,
shavu likamcheza peke yake
kama ngozi ya ng'ombe anapotuliwa na nzi,
pumzi ikamjaa maji.

Mashine ikasoma: mia tisa na kumi.
Tulitarajia elfu tano kwenda juu.
Huyu wa majimaji ya damu ni nduguye tu,
yule wa kwenye neva sina namna ya kumfikia;
lakini ukimkuta ndugu amefungwa kamba uani
unajua ndani kumeingia nani.

Nikaandika kwa wino mwekundu. Nikakimbia.

Atropini haimfungui aliyefungwa.
Inawaziba masikio wanaoitwa,
huku mwili ukifinyanga wengine, polepole,
kama mtu anayejenga tembe kwa mikono yake
na mvua haijulikani lini.

Siku ya nne aliomba ugali na mlenda.
Sechelela, mkewe, alinifuata dirishani:
"Nilimwambia aoge kwanza.
Akasema ndoo ni moja,
na hiyo ni ya watoto kunywa."
Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu sabuni,
kuhusu glavu. Nikayameza.
Nikamwonyesha karatasi, ile namba.
Akaikunja mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kitenge
pale anapofunga hela.

Mwezi wa tatu alirudi kwa miguu yake.
Elfu nne na mia mbili.
"Bado," nikamwambia.
"Mizabibu imeshachipua," akasema,
"na mwenye shamba ameleta dawa mpya, ina kifuniko chekundu."
Akaushika mlango. Nilivitazama vidole vyake:
vilifumba kitasa,
vikaachia.