Kisima cha Arobaini na Tatu

Kila Jumanne Emlyn alipanda jaa la Merthyr,
spana mfukoni, kipimo begani:
valvu moja, robo mzunguko, andika,
sogea.
Visima sitini na vinane. Akifika cha mwisho,
cha kwanza kimeshabadili nia.

Ukivuta mno, alinifunza,
hewa itazama chini, na moto utajilaza humo
kama kaa jivuni, miezi.
Ukivuta kidogo, bonde zima litafunga madirisha.

Sasa kila bomba lina kisanduku cha kijivu,
kidogo kuliko mkate. Ni mimi niliyevifunga.
Kanieneo ya hewa ikishuka usiku,
mvua ikinyemelea kutoka Ireland,
jaa hushusha pumzi,
na kabla sijageuka kitandani
valvu zimejifungua upana wa ukucha.

Emlyn alistaafu mwezi Machi. Wakampa saa ya ukutani.
Bado huja, husimama nje ya uzio.
"Arobaini na tatu hajambo?"
Namwonyesha simu: methani hamsini na mbili,
oksijeni sufuri.
"Msimkabe," asema. "Pale chini,
mwaka themanini na nne,
nilitupa godoro la pamba la mama.
Alilifia."

Kisanduku hakina pa kuliandika hilo.

Jana, saa tisa usiku, ujumbe:
kisima 43, valvu imepunguzwa, sehemu moja ya nane.
Sijui kwa nini nikamtumia Emlyn.
Akajibu palepale:
nami ningefanya hivyo.