Jora la Damu ya Mzee

Jora liko rafuni, juu ya boksi la vifungo,
rangi ya damu ya mzee, mita thelathini na kitu.
Nimelikopa kwa Hilali, barabara ya stesheni.
Kila Novemba nililikata nikiwa nusu usingizini:
sketi za marinda sita, kaptula za mpira kiunoni,
na ada ya Kalunde ikikatwa humo humo,
mimi na shule tukidaiana kwenye daftari moja.
Mwaka huu hakuna aliyekuja kupimwa.

Tulianza kuona kwenye uji.
Mama, uji wa leo hauna sukari.
Nikasema sukari imepanda.
Mwalimu wa hesabu akaondoka, akaenda Nzega.
Nikasema vijana hawatulii.
Kisha basi halikuja,
watoto wa Ipuli wakasimama kando ya lami mpaka saa mbili na nusu,
kumbe basi liko Isevya, uani kwa dalali,
limefungwa mnyororo kama mbuzi wa mahari.
Hata hapo nilikuwa na la kusema.
Nadhani nilisema breki.

Jumamosi tukaitwa. Viti vya plastiki,
maji ya chupa kwa meza kuu tu.
Mzee Luhende alisimama, kofia mkononi.
Alistaafu reli huyu, kiinua mgongo akakigeuza matofali,
matofali yakageuka hati, hati ikaenda benki,
na benki, alisema, haina mtoto darasa la nne.
Watu wakacheka kidogo. Halafu wakaacha.
Wenye tumbaku wa Urambo hawajalipwa,
asiyelipwa halipi,
na mtoto wake nimfukuzeje, ameshika peni?
Akaomba ada ya mwaka mzima kabla ya Krismasi.
Tukivuka Januari, tumevuka.

Hesabu yenyewe haikuhitaji mtu wa Nzega.
Nikilipa na wengine wakakimbia, nimechangia mazishi.
Nikikimbia na wengine wakalipa,
nitapita wapi na uso huu, Tabora hii ndogo?
Kila mtu akamtazama jirani yake mikono
kama wacheza karata.

Nikasimama mimi. Sijui nani alinisimamisha.
Wazazi wenzangu, nikasema, kidole kimoja hakivunji chawa.
Makofi yakapigwa. Bwana Igulu akafuta macho.
Na ndani ya pochi yangu, chini ya futi kamba,
ilikuwamo fomu ya uhamisho,
imegongwa muhuri tangu Alhamisi.

Jumatatu nikawahi shule ya serikali, saa moja kasoro,
nisionekane.
Benchi la nje kwa mwalimu mkuu lilikuwa limejaa.
Mama Nyamizi, mweka hazina wa kamati.
Bwana Igulu, macho makavu.
Tukasalimiana vizuri mno, habari za tangu juzi,
tukasogezana, tukapeana nafasi,
tukazungumza mvua.

Jana alasiri Mzee Luhende akaja kwa miguu.
Mashineni palikuwa na kitambaa cha bluu,
bluu ile ya kila duka, ya kila mtoto,
nikavuta jora la damu ya mzee nikaifunika
kama mtu anayefunika chungu mgeni akibisha hodi.
Hakuketi. Alitoa bahasha,
elfu arobaini, deni la kaptula za mwaka jana,
noti zimenyooshwa moja moja.
Nimeanza na wewe, mama Kalunde,
maana wewe ulisimama.
Akauliza kama jora litatosha Januari.
Nikasema litatosha, litabaki.

Usiku nikampima Kalunde.
Kiuno kimeongezeka nusu inchi, mguu inchi mbili.
Alisimama mikono juu, kimya, akizunguka nikimgusa bega,
bluu ikimshuka magotini.
Halafu akauliza:
Na mwalimu Butoyi, Mama, yeye anahamia wapi?

Nilikuwa na pini mdomoni.
Sijawahi kushukuru pini namna ile.
Nikapiga magoti,
nikatafuta upindo.